Kufuga viwavi wa mlimao nyumbani na mtoto mpaka watoke vipepeo: mwongozo kamili

Wazazi wengi wanaojaribu hii kitu wanakwama palepale. Mtoto kaokota kiwavi kwenye mlimao wa jirani, kawekwa kwenye kopo lenye matundu juu, siku ya pili kiwavi kalegea, ya tatu kafa, mtoto analia na mzazi anaamua kwamba hawa wadudu hawafugiki. Wanafugika kabisa. Kinachowaua mara nyingi sio njaa, ni dawa: ya mbu, ya bustani, ya kwenye chandarua. Baada ya dawa yanafuata majani ambayo sio yao, na kushikwashikwa wakati ambao hawatakiwi kuguswa.

Mwongozo huu ni wa kiwavi mmoja tu, yule anayeishi kwenye mlimao, mndimu, mchungwa na mchenza. Wataalamu wanamuita Papilio demodocus. Akishakuwa kipepeo anakuwa mkubwa, mweusi mwenye mabaka ya njano, na unamkuta karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, kwahiyo uwe Dar, Mombasa, Kampala au Bujumbura utampata. Nimemchagua huyu kwa makusudi: hana manyoya yanayowasha, chakula chake kipo kila mtaa, na ni mkubwa kiasi kwamba mtoto anaona kila kitu kwa macho yake bila mashine yoyote.

## Vitu vya kuandaa kabla hujamtafuta kiwavi

Andaa vyote kwanza, kwasababu kiwavi akishafika nyumbani anataka kula leo leo.

- Mti wa jamii ya limao ambao haujapigwa dawa, na uwe karibu, mahali unapoweza kwenda kila siku. Hili ndo la kwanza, kama huna mti usianze.
- Chombo kirefu kinachopitisha mwanga, mfano boksi la plastiki la kuwekea nguo, au ndoo ya plastiki nyeupe. Kimo kiwe kuanzia sentimita 30.
- Kikopo kidogo chenye mfuniko kwa ajili ya mayai na viwavi wachanga.
- Kipande cha neti ya pazia au kitambaa cha shela cha kufunikia juu. SIO chandarua, nitaeleza kwanini.
- Mpira wa kufungia hicho kitambaa.
- Chupa ndogo yenye mdomo mwembamba, na pamba ya kuziba mdomo.
- Tishu au karatasi nyeupe za kutandika chini.
- Brashi ndogo laini ya kuchorea.
- Vijiti vikavu vyenye magamba, urefu kidogo kupita chombo.
- Mkasi, sabuni ya kawaida, daftari na penseli za rangi za mtoto.

Ukiamua kununua mche wa mlimao, muulize muuzaji kama amepiga dawa. Miche mingi ya kuuza inapigwa, maana kwake huyu kiwavi ni mharibifu, mche mdogo anaweza kuumaliza majani. Mche kama huo kaa nao nje mwezi au zaidi mpaka utoe majani mapya, na hata hapo jaribu na kiwavi mmoja kwanza usiweke wote.

## Dawa, hapa usiparuke

Vyandarua vinavyogawiwa kliniki na mashuleni vimetiwa dawa ya kuua wadudu tokea kiwandani, na dawa hiyo inakaa hata baada ya kufua mara nyingi. Kiwavi ni mdudu. Dawa haijui tofauti ya mbu na kiwavi. Sasa mtu anakata kipande cha chandarua cha zamani, anafunika ndoo vizuri kabisa, halafu anashangaa viwavi wanaanguka mmoja mmoja, wanajikunja, wanatema majimaji ya kijani. Hiyo ni sumu, sio ugonjwa.

Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kupuliza na zile za kuchoma zenye moshi. Usipulizie chumba walipo viwavi, na sio chumba hicho tu, hata sebule kama milango iko wazi moshi unafika. Simaanishi uache kujikinga na mbu, mtoto alale kwenye chandarua chake kama kawaida, malaria sio mchezo. Ninachosema ni kwamba viwavi wasikae chumba cha kulala. Watafutie baraza, stoo yenye dirisha, au kona ya sebule ambayo haipuliziwi.

Na mikono. Mtoto aliyepaka mafuta ya kuzuia mbu jana usiku, asubuhi akigusa majani bila kunawa, ameyapaka dawa. Kwahiyo sheria ya kwanza ya mtoto: kunawa kwa sabuni KABLA ya kugusa chochote cha viwavi, na kunawa tena baada. Hata mzazi.

Mwarobaini pia ni dawa, hata kama ni wa kienyeji na unaaminika. Mti uliopuliziwa maji ya mwarobaini usiuchume majani.

## Hatua ya 1: Kutafuta

Muda mzuri ni wiki chache baada ya mvua kuanza, iwe masika au vuli, kwasababu hapo ndo milimao inachipua majani mapya laini na kipepeo jike anayataka hayohayo ya kutagia. Kiangazi kikali unaweza kuzunguka miti yote usione kitu.

Angalia miti mifupi na machipukizi ya pembeni, usihangaike na juu. Mtoto yuko kwenye kimo kizuri kuliko wewe, mwache atafute. Yai ni duara, rangi ya njano iliyopauka, ukubwa kama milimita 1 hivi, na linakaa peke yake, juu au chini ya jani changa. Kiwavi mchanga ni mweusi au kahawia mwenye baka jeupe katikati, anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na ndo maana ndege hawamli. Wengi wanampita wakidhani ni uchafu kweli. Kiwavi mkubwa ni wa kijani mwenye mistari ya kahawia, mnene, anafika sentimita 4 mpaka 5.

Chukua mayai au wale wachanga. Ushawishi wa kuchukua yule mkubwa wa kijani ni mkubwa maana anapendeza na karibu anamaliza, ila huyo ameishi nje muda mrefu, na kuna nzi na nyigu wadogo wanaotaga mayai yao ndani ya kiwavi. Unamlea vizuri mpaka mwisho halafu anatoka nzi badala ya kipepeo. Yai ulilolichukua mapema likaangulia ndani halipiti hiyo hatari.

Kata jani lote au kitawi kwa mkasi, usimvute kiwavi. Ana miguu midogo yenye ndoano inayoshika jani kwa nguvu, ukimvuta unamchana.

Chukua watatu, wanne, wasizidi watano. Hapa ndo wengi wanajiongeza, mtoto anataka kumi na mzazi anaona sawa tu maana ni vidogo. Siku za mwisho kila mmoja anakula majani mengi sana na kama mti ni mmoja mdogo utaishia kugonga kwa majirani usiku kuomba majani.

Tahadhari tatu. Mlimao una miiba, mzazi ndo akate. Halafu mti wenye majimoto (wale sisimizi wekundu wanaouma) achana nao, utaumwa bure, na viwavi wenyewe huwakuti maana majimoto wanawala. Na mtoto afundishwe siku hiyohiyo: kiwavi yeyote mwenye manyoya haguswi, hata kama ni mzuri vipi. Wale washawasha wanaweza kumletea muwasho na vipele vibaya, na manyoya yakiingia jichoni ni hospitali.

## Hatua ya 2: Kuwapanga nyumbani

Mayai na wachanga wanakaa kwenye kikopo chenye mfuniko, chini tishu kavu, jani lenye yai juu yake. Usitoboe matundu makubwa, mchanga anapita popote. Hewa ya ndani inatosha kwa ukubwa huo ilimradi unafungua kila siku asubuhi na jioni, na jani linakaa bila kunyauka haraka. Usilibandue yai kwenye jani.

Kwenye joto la pwani yai linaangua ndani ya siku 4 mpaka 6 hivi. Likigeuka rangi kuwa jeusijeusi usilitupe, ni kichwa cha kiwavi kinaonekana ndani, keshapevuka. Akitoka kitu cha kwanza anakula ni ganda lake mwenyewe, muache amalize.

Wakifika sentimita 2 hivi hamishia kwenye chombo kirefu. Kitawi cha mlimao kinachomekwa kwenye chupa ya maji, mdomo wa chupa unazibwa na pamba pande zote mpaka pasibaki upenyo. Hili la pamba sio urembo, kiwavi anashuka na tawi mpaka kwenye maji na anazama, anakufa hapohapo. Funika juu kwa neti ya pazia, funga mpira.

Mahali pawe na mwanga lakini jua lisipige moja kwa moja, chombo cha plastiki juani kinageuka jiko. Weka juu ya meza, na kama nyumba ina sisimizi weka kila mguu wa meza ndani ya kopo lenye maji na tone la sabuni. Sisimizi wakipata njia wanamaliza wachanga wote usiku mmoja. Mjusi kafiri naye anafurahia sana hii meza yako, kwahiyo neti isiwe na mwanya.

Wenye mlimao uani kuna njia rahisi zaidi: shona neti iwe mfuko mrefu uliowazi pande mbili, vika kwenye tawi lenye viwavi, funga ncha zote mbili. Wanakula tawi likiwa hai, wewe kazi yako ni kufungua na kukung'uta kinyesi, na tawi likiisha majani unahamisha mfuko. Ubaya wake mtoto haoni kwa karibu kama akiwa nao mezani.

Umefanikiwa kama: kesho yake asubuhi majani yana ukingo ulioliwa na chini kuna vidonge vidogo vikavu vya kinyesi.

## Hatua ya 3: Chakula na usafi wa kila siku

Mlishe majani ya jamii ya limao tu. Sio mchicha, sio kabichi, sio majani ya mwembe. Ukimnyima limao atakaa juu ya mchicha mpaka afe na njaa, hataugusa. Na ukimtoa kwenye mchungwa mlishe mchungwa, usimbadilishie katikati bila sababu.

Wachanga wape majani laini ya ncha, kwasababu meno yao hayawezi jani gumu. Wakubwa wanakula hata yaliyokomaa. Majani yoshe kwa maji safi bila sabuni, yakaushe kabisa na kitambaa ndo uweke.

Kubadilisha chakula kuna namna yake. Usimtoe kiwavi kwenye jani la zamani, kata kipande cha jani alichokalia, weka kile kipande juu ya tawi jipya, atahama mwenyewe akisikia njaa. Kama yuko kwenye ukuta wa chombo na lazima ahame, mguse taratibu nyuma na brashi mpaka apande juu yake. Hii ni kazi nzuri ya mtoto wa miaka 6 kwenda juu. Wa miaka 3 au 4 yeye mpe kazi ya kuhesabu viwavi asubuhi na kubeba majani, kazi za kweli kabisa na anazijivunia.

Toa kinyesi na tishu chafu kila siku. Kinyesi kikikaa kinaota ukungu, na ukungu na unyevu ndo vinaleta ugonjwa. Usiwawekee kisahani cha maji, maji yao yote wanayapata kwenye majani. Ukiona kuta za chombo zimeloa matone kwa ndani, hewa haitoshi, fungua zaidi.

Kinyesi cha kiwavi mzima ni kikavu na kigumu. Kikianza kuwa maji na kiwavi bado mdogo, mtenge kwenye kikopo chake peke yake siku hiyohiyo.

## Hatua ya 4: Siku anazogoma kula

Kati ya yai na pupa (kile kifuko ambacho ndani yake kiwavi anageuka kipepeo) kiwavi anavua ngozi mara nne. Kila mara kabla ya kuvua anaacha kula, anatandika uzi mwembamba wa hariri kwenye jani au ukutani, anajishikiza pale na hatikisiki, saa ingine siku nzima na zaidi. Watu wanawatupa hapa! Wanasema kafa. Au mtoto anamsukumasukuma kuangalia kama yuko hai, anang'oka kwenye ile hariri, na bila pa kujishikiza hawezi kujivua ngozi vizuri, anakwama nayo na anakufa kweli.

Kwahiyo asiyetembea haguswi. Weka alama, mtoto achore karatasi yenye kiwavi aliyelala abandike kwenye chombo, na wote nyumbani wajue, hata dada anayesafisha.

Akimaliza utaona ngozi iliyokunjamana nyuma yake na kikofia kidogo cha kichwa kimeanguka. Mara nyingi anaila ngozi. Mvuo wa mwisho ndo mtoto atakaoupenda, anaingia mweusi mwenye mabaka anatoka wa kijani.

Jambo moja la kumwandaa mtoto mapema: ukimshtua huyu kiwavi anatoa pembe mbili laini za rangi ya machungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali sana. Haziumi, hazina sumu kwa mtu, anatisha adui tu. Mtoto ambaye hajaambiwa anaweza kumrusha chini kwa woga. Aliyeambiwa atataka kuona tena na tena, na hapo umwambie kwamba akizitoa ina maana anaogopa, tumuache.

## Hatua ya 5: Kugeuka pupa

Hapa ndo penye mengi ya kujua.

Kiwavi wa kijani aliyeshiba siku kadhaa ghafla anaacha kula, anatoa kinyesi kingi cha majimaji, anasinyaa kidogo, halafu anaanza kuzunguka chombo kizima kama aliyepotelewa na kitu. Hicho kinyesi cha maji siku hii ni kawaida, anasafisha tumbo. Kuzunguka kwake anatafuta pa kujifunga, na hapa ndo vile vijiti vikavu vinatakiwa, viwe vimeegemezwa kwa kulala kidogo kutoka chini mpaka juu. Plastiki peke yake ni teleza. Wengine watachagua ukuta au neti badala ya kijiti, waache, akichagua amechagua.

Anajishikiza mkia kwa hariri, halafu anajifunga mkanda wa uzi kuzunguka mgongo, anabaki ameegemea kichwa juu. Baada ya siku moja hivi ngozi inapasuka na ndani ni pupa. Kama mna bahati mkashuhudia, inachukua dakika chache tu, muamshe mtoto hata kama kalala.

Tangu anapoanza kujifunga mpaka pupa ipate siku mbili usiguse, usihamishe, usipige picha kwa kutikisa chombo. Pupa mpya ni laini na kidole kinaiachia kovu, na kovu la pupa ni bawa bovu la kipepeo. Ikishakauka ni ngumu na inahamishika. Wafugaji wa vipepeo wa Amani kule Usambara Mashariki, kabla Tanzania haijazuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, na wale wa Gede karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya, hiyo ndo biashara yao, pupa zinasafirishwa zikiwa zimefungwa kwenye vitu laini. Ila wewe kama huna sababu iache ilipo.

Pupa nyingine zinakuwa za kijani, nyingine kahawia, kutegemea na palipowazunguka. Zote ni nzima. Mwambie mtoto abashiri kabla, aandike kwenye daftari.

Ikianguka: kunja karatasi ngumu iwe koni, bandika ukutani mwa chombo kwa gundi ya karatasi, ingiza pupa mkia chini kichwa juu, kichwa kitokeze kidogo. Karatasi iwe yenye mkwaruzo, au ndani yake gundisha kitambaa, ili kipepeo akitoka apate pa kushika. Kuilaza tu chini ni kumhukumu, atatoka akose pa kupanda.

## Hatua ya 6: Kusubiri

Pwani ni wiki 2 mpaka 3. Sehemu za baridi kama Lushoto, Njombe au Limuru inachukua muda mrefu zaidi, na msimu wa baridi unaweza kurefuka sana.

Ondoa majani yote na maji, safisha chini, tandika tishu kavu. Hewa ikiwa kavu sana nyunyiza maji kidogo kwenye neti asubuhi, sio juu ya pupa. Hakikisha chini ya kila pupa na pembeni yake kuna nafasi ya kutosha isiyo na kizuizi, bawa zima linahitaji kuning'inia.

Watoto wanachoka hapa, hakuna kinachotokea. Usimlazimishe kukaa kuangalia. Achore pupa mara moja kila baada ya siku chache, basi.

Dalili kwamba ni kesho: pupa inakuwa nyeusi na ukiangalia vizuri unaona mabaka ya njano ya mabawa kwa ndani. Kuanzia hapo angalieni kila asubuhi, mara nyingi wanatoka asubuhi.

## Hatua ya 7: Siku anayotoka

Pupa inapasuka upande wa kichwa, kipepeo anatoka ndani ya dakika chache, tumbo kubwa na mabawa madogo yaliyokunjamana kama leso iliyolowa. Mtoto atasema ameharibika. Hajaharibika. Anapanda juu, anajining'iniza mabawa yakielekea chini, na anasukuma maji ya mwili ndani ya mishipa ya mabawa mpaka yanakunjuka. Hii ni kama robo saa hivi, kukauka ni masaa kadhaa.

Usimsaidie kutoka. Usipasue pupa. Usimnyooshe bawa. Kitu kimoja tu unaruhusiwa: kama ameanguka chini, mpe kijiti apande au mnyanyue kwa kumwacha ashike kidole, na umweke haraka kwenye neti iliyosimama wima. Dakika hizo za kwanza ndo za kuokoa, mabawa yakikauka yakiwa yamekunjika hayanyooki tena.

Atadondosha majimaji mekundu au kahawia. Sio damu, ni mabaki ya ndani ya pupa, mwambie mtoto kabla hajapiga kelele.

## Hatua ya 8: Kumwachia

Asubuhi yenye jua, hakuna mvua wala upepo mkali, mabawa yamekauka kabisa na ameanza kuyafunguafungua. Fungua neti, mtoto aweke kidole mbele ya miguu yake, atapanda. Anaweza kukaa hapo dakika nyingi akipasha mwili joto, na anaweza kuondoka sekunde ileile. Peleka karibu na maua na mbali na kuku.

Siku hiyo ya kwanza hahitaji chakula. Kama mvua imegoma kukatika na inabidi alale ndani, kijiko kimoja cha sukari kwenye vijiko kumi vya maji, loanisha pamba, weka karibu na miguu yake. Usimshike mabawa, yale magamba madogo yanatoka na hayaoti tena.

Mtoto anaweza kukataa kumwachia, akataka abaki. Mweleze ukweli: kipepeo anaishi wiki chache tu, na kwenye ndoo atayapigiza mabawa mpaka yachanike. Huyu ni wa hapahapa kwetu, mkimfungulia jirani na ule mlimao mliomtolea ana kila anachohitaji.

## Yakienda vibaya

Kiwavi akilegea, akawa mweusi na kuvuja majimaji, ni ugonjwa na unaambukiza. Mtoe na tawi lake lote, fukia. Wengine hamishia chombo kingine, kile cha kwanza osha kwa sabuni, halafu maji yenye jiki kidogo, suuza sana, kausha juani mpaka harufu iishe ndo utumie tena.

Pupa yenye tundu dogo la duara ubavuni, au buu lililodondoka kwa uzi mweupe chini yake, imeshaliwa na nzi au nyigu. Hakuna ulichokosea siku za nyumbani, alikuja nao, na ndo maana nimesisitiza mayai. Usimfiche mtoto. Mwonyeshe, mwambie nyigu naye alikuwa analea watoto wake. Watoto wanalipokea hili vizuri kuliko tunavyofikiri, wanachokipokea vibaya ni kuambiwa "kiliruka usiku" halafu wakaona maganda kwenye takataka. Akitaka kuzika, zikeni.

Kipepeo mwenye bawa lililokunjika hataruka. Anaweza kuishi siku kadhaa kwenye ua lililopandwa kwenye chungu akipewa maji ya sukari, na mtoto anaweza kumtunza.

Pupa iliyochelewa usikimbilie kuitupa, hasa kama ni miezi ya Juni mpaka Agosti. Iliyokufa inakuwa nyepesi, mara nyingi imejinyoosha na sehemu zake za tumbo hazipindi, ukiinusa ina harufu. Iliyo hai ina uzito wake, na ukiigusa kidogo sana na ncha ya brashi mara nyingine inajitikisa. Kama bado ina uzito na rangi haijaharibika, irudishe mahali pake, nyunyiza neti maji kila baada ya siku mbili tatu, na uiache mpaka joto lirudi.